Uso Anaoutafuta Mama

11 Januari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana najua unavyosoma barua umesimama mlangoni na mkoba bado uko begani. Sisi tuko salama. Wiki hii nashona mapazia ya buluu ya bweni la wasichana, na kwa kuwa sina pa kuyaweka nimeyatundika madirishani na kwenye kamba ya ukumbini, kwa hiyo mimi na Mama tunaishi ndani ya buluu. Kuta za buluu, chai ya buluu, hata paka. Mama anapenda. Jana alikaa kitini mchana kutwa akitazama mikono yake ilivyobadilika rangi, akawa anacheka peke yake. Wiki iliyopita tulikuwa ndani ya manjano, na alilala sana.

Bomba la jikoni limetengenezwa. Jirani yetu mwalimu mstaafu bado anaimba kila asubuhi na bado hajui kuimba. Mama anakusalimia.

———

Haya, mstari wetu ndio huo: ya juu nimemsomea Mama, ya chini ni yetu wawili. Ningekupigia simu, lakini unajua alivyo nayo siku hizi. Akiisikia sauti yako anakwenda kukutafuta nyuma ya kabati.

Nina mteja mmoja ananisumbua. Anauliza kuhusu zile nyuzi ulizowahi kunieleza, zinazopitishwa chini ya ngozi kuvuta mashavu yaliyolegea. Ana miaka hamsini na sita. Mashavu yameshuka, kando ya mdomo ana mikunjo miwili iliyoingia ndani, na shingo nayo imeanza. Anataka kujua kama ni kweli hakuna kisu, kama inauma, na uso unaweza kurudi nyuma kiasi gani. Nimemwambia mimi uzi ninaoujua ni wa pazia tu. Nijibu mapema.

Dada yako

2 Februari

Dada yangu mpendwa, na Mama yangu,

Nimekaa, kama mlivyoagiza. Nimehamishiwa chumba cha kupumzikia hapa kliniki. Wateja wakishatoka kwa Daktari wanaletwa kwangu na kulazwa kwenye vitanda vyembamba, nyuso zimepakwa krimu nyeupe, macho yamefumbwa, na mwanga wa dirishani unapita kwenye kioo cha ukungu. Wakilala hivyo wote wanaonekana ndugu. Kazi yangu ni kuwabadilishia barafu na kuwaambia wasijiguse. Mtu akiwa pale huongea kama anaota. Juzi mama mmoja aliniita wifi, akaniuliza kama kaka yake amefika. Niliitika tu, nikamwambia yuko njiani. Alitulia kabisa.

Nakula vizuri, Mama. Usiwe na wasiwasi.

———

Mwambie mteja wako hivi. Kisu hakuna. Daktari anamchora usoni kwa penseli nyeupe, anampiga ganzi, kisha anapitisha nyuzi kwa sindano ndefu na kuzivuta taratibu. Palipozama anajaza kwa sindano nyingine. Anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, amevimba na ana michubuko, na baada ya wiki mbili watu wanaanza kumwambia amependeza bila kujua kwa nini. Nyuzi zinayeyuka zenyewe. Uso unakaa mwaka, pengine mwaka na nusu, halafu unarudi ulikokuwa unaelekea.

Na huyo mteja, je, hana kidoa kwenye shavu la kushoto? Hana miwani iliyofungwa kwa uzi wa cherehani? Dada, mficha maradhi kifo humuumbua. Tangu lini wewe na uso? Wewe ambaye hata poda uliniambia ni unga uliopotea njia.

Chiriku

9 Machi

Chiriku wa maneno,

Tumepokea barua yako na tumeisoma mara mbili, habari ya wifi Mama ameipenda. Wiki hii ni kijani. Mapazia ya zahanati, marefu, yanagusa sakafu, na paka amejipatia msitu. Mama hajambo, anakula, analala. Kioo cha ukumbini nimekifunika kwa kipande cha pazia kwa ajili ya vumbi. Tutumie picha yako mpya. Hii iliyoko ukutani imepauka mpaka umebaki meno.

———

Haya, ni mimi. Cheka sasa umalize.

Sababu ni kazi. Siku hizi mtu akiingia akaniona na miwani hii na mikunjo hii anauliza kama kuna fundi mwingine. Nimechoka kuonekana nimechoka. Basi usinichimbe zaidi, niombee nafasi kwa Daktari wako, na mimi nitajua la kufanya na safari.

Kioo si vumbi. Nitakueleza siku nyingine.

Dada

20 Aprili

Dada na Mama,

Nisameheni kwa kukawia. Kazi imekuwa nyingi, na mikono yangu imezoea barafu mpaka kalamu naiona ya moto. Chumba changu kimepakwa rangi upya. Kutoka kitandani naona madirisha ya jengo la pili, na kila dirisha lina pazia, na kila pazia nalikagua pindo. Hivyo ndivyo dada yangu alivyoniharibu. Picha nitatuma nikipata nafasi ya kupiga.

———

Daktari amekuwekea siku, 28 Juni. Anataka picha zako mbili, moja ya sasa na moja ya zamani, ya umri ule unaotaka kurudi.

Sababu yako ya wateja nimeisoma kwa makini na sijaiamini. Unashona tangu mimi nina meno ya utoto na sijawahi kukuona umekosa kazi. Na kuna kingine. Zamani ukimsomea Mama barua kabla ya kuifunga, alikuwa na la kuniongezea, na lilikuwa lile lile: mwambie ale. Nilikuwa nakasirika, mtu mzima kuambiwa ale. Sasa barua kadhaa zimepita silioni. Unaandika tu kwamba ananisalimia, na hiyo ni lugha yako.

Mama ana nini?

Usiniulize nakuja lini. Mwaka huu haiwezekani.

Chiriku

6 Mei

Mdogo wangu,

Wiki hii ni nyeupe. Madirisha yamefunguliwa, upepo unaingia, mapazia yanajaa na kushuka, na Mama amelala katikati yake. Hii sijamsomea. Mstari naupiga hata hivyo, mkono umezoea.

———

Mama ananiita Mama.

Ilianza mwishoni mwa mwaka jana. Nilikuwa namchana nywele, akainua uso, akanitazama muda mrefu, akasema, "Mama, umerudi." Nilidhani ni utani. Nikamjibu ndiyo, nimerudi, tukacheka wote wawili. Kesho yake akarudia, na safari hii hakuwa anacheka. Sasa ni kila siku. Ananiomba ruhusa ya kutoka nje kucheza. Ananisihi nisimchape kwa ajili ya kikombe, kikombe kilichovunjika kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Nilikwenda kujitazama kwenye kioo cha chumbani, na kweli, Chiriku, Bibi yumo. Mikunjo ya kando ya mdomo ni yake, kope zilizoshuka ni zake. Sijui aliingia lini.

Zahanati wamesema ni kusahau kwa uzee na dawa ya kumrudisha hakuna, tumpe utulivu. Kile kioo cha ukumbini, alikuwa akimwona ndani yake bibi kizee, anamkaribisha aketi, na yule asipoketi Mama anakasirika. Ndipo nikakifunika.

Hayo yote ningeyabeba. Lisilobebeka ni hili. Jioni taa zikiwashwa anaanza kunitafuta. Unakumbuka alivyokuwa akiniita Kifungua, kwa kuwa mimi ni kifungua mimba wake? Ananiuliza mimi, "Mama, Kifungua yuko wapi? Mbona harudi?" Namwambia mimi huyu hapa. Ananitazama kwa adabu, kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, anaogopa. Kisha anageukia mlango. Ananitafuta hali nimemshika mkono.

Nimewaza sana, Chiriku. Huyo anayemtafuta ana miaka thelathini, ana tepu ya kupimia shingoni na mashavu yaliyojaa. Nikiurudisha uso ule, hata kwa mwaka mmoja, atanikuta. Nataka aniite Kifungua mara moja tu kabla hajaondoka. Sina sababu nyingine, na ile ya wateja ilikuwa uongo wa aibu.

Picha hizi hapa. Ile ya tepu ndiyo ninayoitaka.

Dada

30 Mei

Chiriku,

Picha zilifika? Sijapata neno lako. Mama mzima. Wiki hii ni kijivu.

Dada

8 Juni

Mama, hujambo? Dada, hujambo? Mimi sijambo na nakula. Huku mchana umekuwa mrefu na wa ukungu, watu barabarani wanatembea polepole kana kwamba wamesahau wanakokwenda. Nimenunua kikombe kipya. Hakijavunjika.

———

Barua yako niliiweka mfuko wa kifuani wa sare yangu, na kila nikiinama kubadilisha barafu inanichoma. Nilijua Mama anasahau. Sikujua anasahau kuelekea wapi.

Picha nimempa Daktari. Aliziweka sambamba mezani, akazitazama, akavua miwani. "Uchovu naweza kumpunguzia," akasema. "Watu watamwambia amelala vizuri. Lakini huyu mwenye tepu siwezi kumleta." Halafu akasema nafasi bado ni yako ukiitaka. Ni mtu mkweli, ndiyo maana nafanya kazi kwake.

Na mimi nina langu. Picha situmi kwa sababu nami nilifanya, mwaka juzi, na tangu hapo nimeendelea. Sisi wafanyakazi tukitaka tunafanyiwa, na siku moja nilitaka. Sijuti. Kuna siku napita mbele ya dirisha la duka nikajiona nikafurahi, na furaha ile ni ya kweli. Lakini kona ya kulia ya mdomo wangu ilikuwa inashuka kidogo, vile vile kama ya Mama anapokataa jambo. Sasa haishuki. Nimejaribu mbele ya kioo kukataa mambo mbalimbali, haishuki.

Ndiyo maana siji. Wewe hujagusa kitu, umekaa naye kila siku, na hakujui. Mimi nikiingia na uso huu nitakuwa nani humo ndani? Nitapewa kiti cha wageni na chai. Naogopa, Dada. Naandika barua badala yake, kwa sababu kwenye karatasi bado mimi ni Chiriku.

Sitakuzuia. Tarehe 28 nitakuwa kituoni. Usinitafute kwa uso, nitafute kwa mkoba.

Chiriku

3 Julai

Mdogo wangu,

Mama hajambo na anakusalimia, na hii ni lugha yangu kweli. Wiki hii tuko ndani ya rangi ya chungwa, kila mtu anaonekana ametoka kuoga. Mwalimu mstaafu amenunua kinanda. Mungu atusaidie.

———

Najua ulisimama kituoni. Nilipiga simu kliniki, wakaniambia umeshatoka kunipokea. Nisamehe kwa saa zile zote ulizokagua nyuso za abiria.

Nilikuwa tayari. Begi lilikuwa mlangoni, mwalimu mstaafu amekaa ukumbini na gazeti lake, amekubali kukaa na Mama. Nikasema nimchane nywele kwanza ndipo nitoke. Mama akaliona begi. Akauliza, "Mama, unasafiri?" Nikamjibu ndiyo, siku chache tu. Akafikiri. Mapazia yalikuwa yanatuvukia kichwani na kurudi.

"Ukimwona Kifungua huko njiani," akasema, "mwambie apumzike."

Nikamuuliza apumzike kwa kipi.

"Anashona mno. Tangu baba yake azikwe, yeye ndiye ameibeba nyumba hii, na mimi nikamwachia. Ni mtoto mzuri kuliko nilivyostahili. Sijamwambia."

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia.

"Nitamwambiaje? Nikimwona namtuma chumvi." Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Yule ni mwanangu, Mama. Mambo haya mtu anamwambia mama yake."

Kisha akaniwekea kiganja shavuni. Kidole gumba kikaingia kwenye mkunjo wa kando ya mdomo, pale pale nilipotaka Daktari ajaze, kikakaa humo kama kinapajua. Akaegemea, akalala hivyo. Mimi nimeinama, mgongo unauma, chanuo liko mkononi. Basi langu likaondoka bila mimi. Mwalimu mstaafu alijificha nyuma ya gazeti, na sidhani kama alikuwa anasoma.

Chiriku, neno hilo nimelingoja tangu nikiwa msichana. Nililingoja kila nilipomletea Mama kitambaa kipya, kila nilipolipa ada yako, sikulipata, nikajiambia labda halipo. Kumbe lilikuwepo, ila halikuwa la kuambiwa mimi. Alikuwa amemwekea Bibi. Ule uso wa miaka thelathini ungepata chumvi tu.

Mwambie Daktari nafasi yangu ampe mwingine, na simsemi vibaya anayeitaka, kila mtu ana anayemtafuta kwenye kioo. Mimi nimekubali kuwa Bibi. Nampa ruhusa ya kwenda kucheza, na kile kikombe nimemsamehe.

Ila jioni bado anautazama mlango. Hilo sijaliweza. Sasa nakuuliza wewe. Tulikuwa tunafanana mpaka wateja wangu wakawa wanakudai mapazia yao barabarani, na wewe uso wako hauna uzee uliouingia wa kwangu. Njoo. Usiubadilishe, usiufiche, njoo nao ulivyo.

Dada

1 Septemba

Dada yangu, na Mama yangu,

Barua hii haina mstari. Msomee Mama yote, polepole, mchana kukiwa na mwanga. Atasikia kama habari za watu wengine, na watu hao naamini atawapenda.

Nimerudi kwangu salama. Sketi yangu bado ina vipande vya uzi wa mapazia na sijavitoa.

Niliposimama nje ya mlango jioni ile taa zilikuwa zimewashwa punde, na nyumba nzima ilikuwa ya waridi. Nilibisha hodi kwenye nyumba niliyozaliwa. Ulifungua wewe, na kusema kweli nilitaka kukuamkia, kwa jinsi ulivyokuwa Bibi. Hukunikumbatia. Ulivua tepu yako shingoni ukanivika mimi, ukanisogeza mbele kwa mkono mgongoni, ukabaki nyuma.

Mama akainuka kitini bila kusaidiwa. "Kifungua," akasema. "Umechelewa. Nimekungoja."

Nikageuka kukutazama. Ulikuwa umeziba mdomo kwa mkono. Jina ulilolitaka mara moja tu lilikuwa limeingia chumbani, limepita kando yako, limenifikia mimi. Nikaogopa kuligusa. Ukanitikisia kichwa kwamba niitike. Nikaitika, "Abee, Mama," na niliitika kwa niaba yako, kama nilivyoitika uwifi wa yule mgonjwa wa barafu. Lakini yule nilimdanganya. Mama sikumdanganya. Kifungua alikuwa amefika kweli, alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alinikalisha, akanishika mikono, akanitazama mpaka akatosheka. Nikangoja neno kubwa. Akasema, "Haya, lete chumvi." Wewe ukacheka mpaka ukakaa sakafuni, na Mama naye akacheka, kwa kuwa mama yake anacheka. Siku zote nilizokaa hapo hakuutazama tena mlango.

Kuna moja sikukwambia, nililiacha nilibebe mwenyewe. Siku ya kuondoka wewe ulikuwa uani unaanua mapazia. Nilikuwa namlisha Mama uji, akanizuia mkono. Akaniuliza, "Mdogo wako je? Bado anaandika?"

Nikamwambia bado anaandika.

Akatafuna kitu ambacho hakikuwepo. Kona ya mdomo wake ikashuka, ile yetu. "Sura yake imenitoka," akasema. "Nimeitafuta, sioni. Usimwambie, ataumia." Akakitazama kijiko, akakisukuma taratibu mpaka kikageukia kwangu. "Mwambie ale."

Muda wangu wa kurudi kwenye sindano umefika na sijaenda. Kona yangu imeanza kushuka kidogo, naiona asubuhi. Nikiiacha nitafanana na Mama, nikiirudisha juu, Mama atakupata wewe usoni kwangu. Sijajua nitafanya lipi, na safari hii nitakuuliza kabla.

Mkoba nimeuweka chini. Nimekaa mezani, kikombe kiko mbele yangu na sahani nimeimaliza.

Dada, mwambie nimekula.

Chiriku